Sinema ya Kiswidi Isiyokuwa na Stelingi

Gracieuse ni mwanamke wa kushukuru, tena wa kushukuru mpaka akuchoshe. Asubuhi akifungua bomba maji yakatoka, anashukuru. Yasipotoka, anaishukuru ndoo aliyoijaza jana. Lifti ya jengo lao pale Albert Park, Durban, ilikufa zamani, na wapangaji wakipanda zile ngazi humtukana mwenye nyumba na ukoo wake wote. Gracieuse yeye akifika juu anashika ukuta, anahema, halafu anasema, "Aksanti kwa magoti." Majirani wamemzoea. Peguy, mwenye saluni ambako Gracieuse husuka wateja, alimwambia siku moja kwamba yeye angemshukuru hata mwizi.

"Akiniachia viatu, juu ya nini nisimushukuru?" akajibu Gracieuse, na vidole vyake havikusimama hata kidogo kichwani kwa mteja.

Wasiomjua hudhani ni ulokole tu umemzidi. Lakini mtu aliyewahi kupoteza kila kitu kwa asubuhi moja huyaona mambo kwa jicho jingine, na Gracieuse aliwahi. Kilichokuwa kikimtesa ni kwamba katika shukrani zake zote hizo kulikuwa na moja iliyomkwama kooni, na aliyestahili kuipata alikuwa akilala naye kitanda kimoja.

Huyo ni mumewe, Désiré. Mrefu, mpole, anafanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro huko Jacobs. Jioni anarudi na vumbi la sponji kwenye nywele, anakula, anaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo wanaume wengi wa jengo lile hawalifanyi hata ukiwashikia bunduki, kisha anakaa dirishani. Ukimsalimu anaitikia. Ukimuuliza anajibu. Zaidi ya hapo huna utakachopata. Na ukiambiwa kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa mdomo wa mji mzima wa Uvira kule Kongo, utabisha mpaka jasho likutoke.

Kule Uvira, kabla vita haijabisha hodi mlangoni kwao, kulikuwa na nyumba ya video karibu na soko: mabati juu, mabenchi chini, televisheni moja mbele. Filamu zilikuwa za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, na watazamaji hawakujua hata lugha moja kati ya hizo. Désiré alikaa ubavuni mwa televisheni na mikrofoni, akapunguza sauti ya filamu, akaisimulia kwa Kiswahili cha pale pale mtaani. Kichina chenyewe hakukijua kuliko wao. Alitazama midomo, akatazama macho, pengine akajaza. Adui alipewa jina la mtoza ushuru wa soko. Shujaa, ambaye Wakongo humwita akteri na Watanzania humwita stelingi, alipewa jina la mtu anayependwa mtaani, na kila aliyekaa benchini aliijua sheria: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, anaweza hata kufukiwa ardhini, lakini kabla watu hawajarudi makwao atakuwa ametoka kaburini na kulipiza kisasi. Sauti za wanawake Désiré alizitolea puani, na watu walivunjika mbavu.

Watazamaji nao walikuwa na haki yao. Mwenye neno alilirusha kutoka benchini, na msimuliaji alilazimika kulijibu. Gracieuse alimpatia mumewe hapo hapo. Siku moja alipiga kelele kwamba hakuna mwanamke mwenye akili timamu anayeweza kumlilia mwanaume mwenye masharubu mabaya namna ile. Désiré akamjibu kwa mikrofoni mbele ya watu wote, na kilichofuata baada ya miezi michache kilikuwa mahari.

Halafu vita ikafika. Wakakimbia na wengine kwa miguu kuelekea mji wa Baraka, Gracieuse akiwa na mimba ambayo bado kitenge kiliweza kuificha. Njiani wakakuta kizuizi cha watu wenye silaha. Wanaume walikuwa wakibebeshwa mizigo. Wake zao walikuwa wakipelekwa pamoja nao msituni, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa kazi gani. Wanawake waliokuwa peke yao waliachwa wapite. Mtu mmoja mwenye bunduki akamwangalia Désiré, akamwonyesha Gracieuse kwa kidole, akauliza, "Huyu ni bibi yako?" Kwa watu wa kwao, bibi ndiye mke.

"Simujui," akasema Désiré. "Nimemukuta tu njiani."

Ikawa hivyo. Yeye akatwishwa gunia, Gracieuse akasukumwa kwenye kundi la wanawake. Gracieuse akafika ziwani, akavuka hadi Kigoma, akajifungulia kambini, mtoto akamwita Clara. Clara alikuwa ameanza kuota meno siku Désiré alipotokea pale kambini, mifupa mitupu, na mdomo umefungwa. Baadaye wakashuka kusini, nchi hii mpaka nchi ile, mpaka Durban. Mdomo haukufunguka.

Mara ngapi Gracieuse alijaribu! Siku ya ubatizo wa Clara alianza kusema, "Papa Clara, ile siku ya barabarani..." Désiré akainuka. Siku Clara alipopata kazi kwenye duka la viatu Isipingo, nyumba nzima ina furaha, Gracieuse akaanza tena. Désiré akasema, "Achana na ile siku," akachukua koti lake, akashuka ngazi zote zile, akarudi chakula kimeshapoa. Gracieuse si mjinga. Alijua kwamba mumewe anajiona alimkana mkewe kwa woga, na kwamba kila aksanti aliyotaka kumpa, yeye aliisikia kama kusutwa kwa upole. Lakini kujua hakukumwondolea hasira. Shukrani ni kitu cha mtu. Ukimnyima nafasi ya kuitoa, umemdhulumu. Na kadiri mvi zilivyozidi kuwaingia wote wawili ndivyo alivyoanza kuogopa kwamba mmoja wao atazikwa na lile neno halijasemwa.

Ndipo akaja Kidawa kusukwa nywele.

Kidawa ni binti wa Tanga, mwanafunzi wa mambo ya filamu kwenye chuo kimoja cha pale mjini. Aliingia saluni na "shikamoo, mama" ya kunyooka, na Gracieuse, aliyejifunza kule Kigoma namna ya kuipokea, akamwitikia "marahaba, mwanangu" kwa madaha yote. Alipokaa kitini akaanza kulalamika. Alikuwa ameandaa mchana wa sinema kwenye ukumbi wa kanisa, kwa ajili ya watu wa Albert Park, na filamu aliyoipata ni ya Kiswidi, haina rangi, inahusu mume na mke waliokumbwa na vita. Maneno ni ya Kiswidi, na maandishi chini ni ya Kiingereza.

"Na akina mama watakaokuja, Kiingereza chao ni cha kuuliza bei," akasema Kidawa. "Watakaa pale wanaangalia midomo tu."

Vidole vya Gracieuse vikasimama. "Mume na muke, unasema? Vita inawafanya nini?"

"Inawakuta nyumbani kwao, mama. Wanakimbia. Mengine usiniulize, utakuja kuyaona mwenyewe."

"Mimi niko na mutu," akasema Gracieuse. "Mutu wa kutafsiri. Bwana yangu."

Peguy akageuka na chanuo mkononi. "Papa Clara? Mais, Mama Clara, ule hasemi hata bonjour!"

"Atasema."

Msidhani alikuwa ameipanga. Lilimtoka tu. Lakini aliporudia kusuka, wazo likamkaa vizuri kichwani: mtu mwenye mikrofoni mkononi, mbele ya ukumbi uliojaa, hawezi kuchukua koti akashuka ngazi.

Jioni akamweleza Désiré wakati anakula, kwa sababu mdomo wenye ugali haukatai haraka. Désiré akatafuna, akameza, akauliza, "Na wewe uliwajibu nini?"

"Nilisema ndiyo."

"Mbele ya Peguy?"

"Mbele ya saluni yote."

Désiré akamega tonge jingine. Kukataa sasa kungekuwa kumwaibisha mkewe kwa mtaa mzima, na Gracieuse alilijua hilo alipokuwa akikoroga mboga. "Ni sinema ya nini?"

"Ya vita."

"Iko na kupigana?"

"Vita gani haina kupigana?" akasema Gracieuse, akainuka kuchukua maji. Ule ulikuwa nusu ya uongo, akamshukuru Mungu kwamba haukuwa mzima.

Wiki ile ile alimsikia bafuni. Désiré alikuwa akikohoa, anasafisha koo, halafu polepole akaanza kujaribu sauti: ya mnene, ya mzee, ya mwanamke kupitia puani. Gracieuse alisimama nje ya mlango ameshika taulo, akiuma midomo asicheke, na machozi yakimtoka. Hata kama mambo mengine yote yangeharibika, hili alikuwa ameshalipata.

Jumamosi mchana ukumbi ukajaa. Neno "vita" lilikuwa limetembea, na watu walikuja wamejiandaa kwa helikopta. Glody, fundi simu, alikuja na wenzake na mfuko mkubwa wa bisi. Japhet, mfanyabiashara wa Kitanzania, alijichagulia kiti cha katikati ili asipitwe na mlipuko hata mmoja. Mbele kabisa alikaa Papa Vénérand, mweka hazina wa kanisa, ambaye ubahili wake ni maarufu mpaka Isipingo. Gracieuse akakaa pembeni, safu ya tatu, mahali ambapo angeweza kumwona mumewe. Kidawa akazima taa, Désiré akashika mikrofoni.

Ukutani ikatokea theluji. Theluji nyingi, na kimya, na nyumba ya mbao.

"Mabibi na mabwana," akasema Désiré, "hapa ni Ulaya, kwa watu wenye kuishi ndani ya friji."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Gracieuse akafumba macho. Ilikuwa ile ile. Sauti ya Uvira, imekwaruzika kidogo tu.

Ndani ya nyumba mwanaume mwembamba alikuwa akichemsha kahawa. "Ule bwana anaitwa Vénérand," akaendelea Désiré. "Alikuwa mwalimu. Anakunywa kahawa bila sukari juu anaogopa sukari itaisha." Papa Vénérand mwenyewe akajaribu kununa, ikamshinda, akacheka na wenzake. Mke wa yule mwalimu, mshona nguo, akaingia na kuni, naye akaitwa Belinda, na alipofungua mdomo sauti ikatokea puani kwa Désiré. Akina mama wakapigana mabega.

Lakini wale watu wakaendelea kunywa kahawa. Wakanywa. Wakaangalia dirishani. Wakanywa tena.

"Akteri iko wapi?" akapiga kelele Glody.

"Stelingi si ndiye huyo mwalimu," akasema Japhet.

"Huyu? Eish! Huyu atapiga nani?"

"Vumilieni," akajibu Désiré kwa mikrofoni. "Anakunywa nguvu."

Ndege ikapita, haikuonekana. Kilichoonekana ni kikombe kikitetemeka mezani. Japhet akasonya. Waswidi, alisema, wamenunua vita wakasahau kununua mabomu. Ila kadiri ilivyoendelea, kelele zilipungua zenyewe. Yule mwanaume alifukia redio nyuma ya nyumba. Yule mwanamke alivaa magauni matatu, moja juu ya jingine, ili asibebe sanduku kubwa. Alifunga mlango kwa ufunguo, akarudi kuuhakikisha, akarudi tena. Mama mmoja nyuma akasema taratibu, "Ni vile tulifanya," na hakuna aliyemcheka. Mfuko wa bisi wa Glody ulikuwa umelala pajani mwake, ameusahau. Désiré naye alikuwa ameacha mizaha. Alikuwa akisoma maandishi kwa Kiingereza chake cha kiwandani na kuyatoa kwa Kiswahili, sauti ya chini.

Wakafika kwenye daraja. Askari walikuwa wakigawa watu kwenye malori mawili. Ofisa mmoja akamsogelea yule mwalimu, akamwonyesha mke wake kwa kidole cha glavu, akauliza jambo.

Désiré hakulitafsiri.

Gracieuse alikuwa amelisoma swali lile kwenye maandishi ya chini pale ukutani, na Kiingereza chake kilitosha. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema maneno machache, maandishi yakatokea, yakapotea.

"Anasema nini?" wakauliza akina mama. "Papa Clara, anasema nini?"

Mikrofoni ikatoa pumzi tu. Kidawa akataka kuinuka. Ndipo Désiré akasema, bila sauti ya mtu yeyote, "Wanamuuliza kama ule ni bibi yake. Anasema hamujui."

Ukumbi ukawaka. "Mbwa!" "Mushenzi ule!" "Ni bwana hiyo? Ni takataka!" Mama aliyekuwa nyuma akasimama kabisa akaunyooshea ukuta kidole. Papa Vénérand akageuka kitini, amechukia kwelikweli. "Papa Clara, toa jina yangu kwa ule mutu! Mimi siwezi kufanya mambo kama ile!"

"Ni kweli," akasema Désiré. "Haifai jina yako. Tumuite Désiré."

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha wa msimuliaji, tena mzuri, kujitwika mwenyewe jina la mtu mbaya. Walipiga makofi. Gracieuse aliuona uso wa mumewe kwenye mwanga wa ule ukuta na akajua kwamba mtu yule amekaa pale anapokea matusi yote yale, moja moja, kama mtu aliyekuwa akiyangoja miaka mingi. Akasimama.

"Na mwanamuke?" akasema kwa nguvu. "Mwanamuke anasema nini?"

Désiré akamwona. "Hasemi kitu, Mama Clara. Angalia chini. Hakuna maneno."

"Kule Uvira, Wachina nao hawakukupa maneno. Ulijaza. Jaza."

"Nijaze nini?"

"Aksanti. Belinda anasema aksanti."

Mguno ukapita ukumbini. Pale ukutani uso wa yule mwanamke ulikuwa bado upo, mkubwa, hausogei, unamwangalia mumewe. Watengenezaji wengine wa filamu wangekuwa wameshakimbilia mambo mengine, na hapo Gracieuse aliwashukuru Waswidi kwa kutokuwa na haraka.

"Aksanti ya nini?" akauliza Glody. "Amemukana, Mama Clara! Mbele ya watu!"

"Angesema ni bibi yake, wangemupeleka wapi? Unajua? Ulikuwa pale?" Akaugeukia ukumbi mzima. "Mimi nilikuwa. Si kwa theluji, kwa barabara ya Baraka. Waliuliza bwana yangu vile vile, naye alijibu vile vile. Wale walisema ndiyo, bibi zao walipelekwa porini, na wengine sijawaona mpaka leo. Mimi nilipita. Nilikuwa na mimba ya Clara, nikapita naye, na leo Clara anauza viatu Isipingo. Kila mwaka nataka kusema aksanti, na kila mwaka huyu ananikimbia. Leo iko na mikro, hawezi kukimbia. Désiré. Tafsiri."

Papa Vénérand aliinamisha kichwa. Mama aliyekuwa amesimama nyuma akakaa polepole.

Désiré akainua mikrofoni mpaka mdomoni, akaishusha, akaiinua tena. Hakutumia sauti ya puani.

"Belinda anasema," akaanza, na ikamlazimu kungoja. "Belinda anasema aksanti."

Wakati huo huo Waswidi wakaridhika na ule uso, lori likaondoka, na filamu ikaendelea. Désiré akaendelea nayo. Alisimulia mpaka mwisho, sauti imepasuka lakini haikukatika, na mwisho wenyewe haukumpa mtu raha: mume na mke hawakuonana tena, hakuna aliyefufuka, theluji ikaanguka juu ya daraja, majina yakapanda. "Imeisha?" akauliza Japhet gizani. "Hivi hivi?" Taa zilipowashwa ikaonekana kwamba yeye mwenyewe alikuwa akipangusa macho kwa kola ya shati.

Kidawa akaja kumshika Gracieuse mikono yote miwili. "Mama, lile neno halimo kabisa kwenye filamu."

"Walisahau," akasema Gracieuse.

Papa Vénérand alisubiri mlangoni. Alimpa Désiré mkono, akamwekea na mkono wa pili juu yake. Kwa mtu asiyetoa hata soda kwenye harusi, hiyo ilikuwa sadaka kubwa.

Wakarudi nyumbani kwa miguu, jua bado lipo, vijana wakicheza mpira bustanini na kelele zao zikifika barabarani. Désiré alitembea mbele kidogo, kama kawaida yake. Gracieuse aliacha nafasi hiyo ikae. Alikuwa mwepesi mwilini, anamshukuru kila aliyempisha njiani. Kwenye robot, kama Durban wanavyoziita taa za barabarani, ilipowaka nyekundu, Désiré akasimama, naye akamfikia.

"Umewaambia vizuri," akasema Désiré bila kumwangalia. "Lakini umewadanganya. Mimi sikusema vile juu ya kukuokoa. Nilikuwa naogopa. Mukojo ilinitoka, Gracieuse. Maneno ilitoka yenyewe tu."

"Najua. Niliona suruali."

Akageuka. Hakulitarajia hilo. "Sasa aksanti ni ya nini?"

"Ya gunia."

"Gunia gani?"

Gracieuse akamtazama, na ndipo akaelewa kwamba mtu huyu kweli hajui. Miaka yote hiyo alikuwa akiinuka na koti kwenye sentensi ya kwanza, na gunia lilikuwa kwenye ya tatu.

"Sisi wanawake tulikuwa hatujapita," akasema. "Unasikia? Ulikuwa umeshasema hunijui, tumeshaanza kutembea, na ule mukubwa wao akabadili mawazo. Akapiga kelele turudi, atuangalie tena. Ule wa kofia nyekundu akaanza kuja upande yetu. Alikuwa ananiangalia mimi, Désiré. Kitenge kilikuwa kimelegea, tumbo linaonekana. Wewe ulikuwa na gunia la unga kichwani, unalishika na mikono miwili. Ukaniangalia. Ukafungua mikono."

"Lilinitoka. Lilikuwa zito."

"Halikukutoka. Nilikuwa naangalia mikono yako, sikuwa naangalia kitu kingine. Uliifungua. Gunia likapasuka, unga ukaruka mpaka kwa bunduki zao, wakakurukia wote, na ule wa kofia naye akaacha kuja kwetu akakimbilia kwako. Walikuwa wanakupiga na huku sisi tunakimbia. Nilisikia mpaka kwenye kona."

Taa ikawa kijani. Watu wakawapita kushoto na kulia, mmoja akasonya, taa ikarudi nyekundu. Désiré alikuwa amesimama pale pale, mdomo wazi kidogo.

"Mimi nilifikiri," akasema, "walinipiga juu ya unga."

"Walikupiga juu yangu."

Akalia hapo hapo, mtu mzima, mchana kweupe, kando ya barabara ya mjini, kwa sauti, bila kujificha uso. Mwanamke wa Kizulu aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma akawauliza kama kuna msiba. Gracieuse akamwambia hapana, mama, hakuna msiba. Akasimama karibu na mumewe na kumngoja, na wala hakuwa na haraka.

Désiré alipopata pumzi akajipangusa kwa mkono wa shati. "Na Clara," akasema. "Kule kambini. Alizaliwa vipi?"

Hakuwahi kuuliza. Gracieuse akamshika mkono, wakavuka, akaanza kumsimulia.